Risasi Nilizozigawa Tano Tano

Arviat, Nunavut,
18 Novemba 2019.

Mpendwa Baba Ulayok,

Shikamoo. Najua unacheka, mama mzima wa miaka hamsini na miwili kumwamkia kijana aliyemfunga nepi kwa mikono yake. Lakini jina la marehemu baba yangu umelibeba wewe, na mwenye jina akishapata wa kumbeba huwa hajaondoka. Kwa hiyo wewe ni baba yangu, upende usipende, na salamu zako ni haki yako.

U hali gani? Kile kifua kilichokusumbua mwaka jana kimepoa? Unakula nini huko Winnipeg mbali na viazi vya kukaanga vya kwenye makaratasi? Anayekuletea barua hii ni Martina wa Kuksuk, anamsindikiza binti yake kwenda kujifungua. Ana samaki wako mkavu na paja la kulungu lililogandishwa. Usiwagawie wenzako wa kazini, maana hawajui kutafuna na watakuulizia chumvi.

Sisi huku, ukituuliza kwa mdomo, tutakuambia hatujambo. Mama mkwe wangu Atuat miguu inamsumbua ila ulimi haujambo kabisa. Wajukuu wanakohoa. Bahari haijaganda mpaka leo tarehe kumi na nane, na wewe mwenyewe unajua maana yake: dubu wamekwama ufukweni wanasubiri barafu, wana njaa tangu Julai, na njia yao inapita katikati yetu. Watoto wanapelekwa shule kwa gari hata wanaokaa jirani na lango. Jumanne iliyopita asubuhi nyayo zilikuwa chini ya dirisha la jikoni kwangu, zimesimama hapo, hazikuwa zinapita tu.

Nimekupigia simu kila siku tangu Alhamisi. Hupokei. Dada yako mdogo ameniambia ulishasikia habari za mume wangu Angalik siku ileile, basi naelewa kwa nini hupokei. Nami nikaona niandike, kwa sababu barua mtu huisoma mpaka mwisho hata kama anaogopa, na mimi nina jambo ambalo silisemi kwenye simu.

Nianze na bunduki, kwa sababu mambo yote yalianzia hapo. Unaijua, ile aliyopewa baba na jeshi alipoapishwa kuwa mlinzi wa pwani hii. Ilikuwa imeshapigana vita ya wazungu kabla hajazaliwa. Akamwachia Angalik, na Angalik akaibeba miaka ishirini na mbili kwenye ulinzi huohuo, na kila mwaka jeshi likimpa risasi zake bila kuomba. Kisha zikaja bunduki mpya nyekundu. Angalik alikuwa ameshastaafu kwa ajili ya mgongo, basi ya nyekundu hakupata, akaambiwa ile ya zamani abaki nayo iwe zawadi. Mdogo wangu Luki, mlinzi mwenzake, naye vilevile. Zawadi nzuri, ila risasi hawakuzawadiwa. Dukani hapa paketi moja ya risasi ishirini za bunduki hiyo ina bei ya viatu vya baridi vya mtoto, na zikija huisha kabla sijavuka barabara.

Ndipo tukakutuma wewe. Ulitafuta mwaka mzima, Baba, nami sijasahau. Ulikwenda kwenye maduka ya vitu vya kale, ukakesha na matangazo ya watu, ukapanda basi mpaka kwenye yale maonyesho ya bunduki nje ya mji, ukarudi mikono mitupu mara tatu. Mara ya nne ukampata yule mzee mwenye mikebe ya kijani iliyobaki stoo tangu enzi za vita, akakupa kwa bei ya kutupa. Mikebe miwili ilipofika na meli ya Agosti, Angalik aliingia kwenye redio ya kijiji akakushukuru kwa jina mbele ya watu wote. Hamadi kibindoni, silaha iliyo mkononi. Siku hiyo nilijiona tajiri.

Walikwenda kuzijaribu jalalani, yeye na Luki. Nilikuwa nimekaa kwenye gari na birika la chai, nikaona yote. Kati ya kumi, tatu pini iligonga tu, zisilie. Na moja iligonga, kukawa kimya, Angalik akageuza uso kumwangalia Luki, ndipo ikalia, ikapiga jokofu bovu la watu.

"Risasi za wazee hizi," Luki akasema. "Zinakohoa kwanza ndipo ziseme."

"Mradi zinasema," Angalik akamjibu. "Wewe mkeo akikuita huitika mara ya ngapi?"

Tukacheka sote watatu. Jioni yake, kwenye chai, Angalik akasema mwaka huu dubu waje tu, ana mikebe miwili. Mama yake akaweka kikombe chini.

"Funga mdomo wako," akamwambia. "Yule anasikia kuliko wewe."

Angalik alitabasamu tu, nami sikulipenda lile tabasamu.

Sasa nije kwenye langu. Mkebe wa pili nilifungua mimi. Ulikuwa na kutu kwenye pembe moja, na ndani yake kitambaa cha kufungia risasi kilikuwa kimeingia maji zamani, kikakauka, kikafanya madoa. Nyingine zilikuwa na rangi ya kijani pale chini kwenye fataki, panapogongwa na pini. Niliziona, Baba. Sikumwambia mtu. Nilijua ulivyohangaika, nikaona nikizitangaza mbovu nitakuaibisha baada ya kusifiwa redioni. Nikachukua kitambaa chenye siki, nikazipangusa moja moja mpaka zikang'aa kama vijiko vya wageni.

Kisha nikafanya kile tunachofanya na kila kinachoingia nyumba hii. Nani hapa amepata nyangumi mweupe akala peke yake? Nikazifunga tano tano, kama ninavyofunga nyama, nikazunguka nazo kwenye nyumba zote zenye bunduki za zamani. Nyumba tisa. Luki ni mdogo wangu na anakaa nje ya mji miezi mingi, nikampa mafungu mawili. Wote walifurahi, na wengine wakanirudishia unga na sukari. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa.

Jumatano tarehe kumi na tatu, saa saba mchana, mbwa walilia kwa sauti ile wanayoitumia kwa mgeni mmoja tu. Alikuwa kwenye banda la nyama, ameshang'oa mlango. Wajukuu walikuwa ukumbini wanavua viatu, ndio kwanza wameshushwa na gari la shule. Angalik alichukua bunduki pale inapokaa, nje kwenye baraza, maana haingii ndani isije ikatoa jasho. Alisimama hatua kama kumi na tano toka kwa yule mnyama. Nilimwona kupitia dirishani akilenga. Ikagonga, kimya.

Wewe umekulia hapa, unajua kila mwanamume wa hapa angefanya nini. Baridi ya digrii ishirini na mbili chini ya sifuri, bunduki imelala nje, ikigonga bila kulia ni mafuta yameganda kwenye pini. Hakuna asiyejua hilo. Unavuta bolti, lile komeo la nyuma, haraka, unatia risasi nyingine, unajaribu tena. Mtu wa kusini angesimama akashangaa, na mshangao wake ungemwokoa. Angalik alivuta bolti palepale, na risasi ikalipukia mbele ya uso wake ikiwa nusu ndani nusu nje.

Dubu alikimbia kwa ule mshindo, akaelekea kusini kwa kufuata ufuko. Angalik alikuwa amepiga magoti kwenye theluji, mkono wa kulia umeshika jicho la kulia, na vyote viwili vimeharibika. Aliniuliza kitu kimoja tu, watoto wako wapi. Ndege ya wagonjwa ilimchukua usiku huo kumleta huko kwenu. Mimi nilibaki kwa sababu ya wajukuu na Atuat, na kwa sababu nilikuwa nimeshakumbuka zile nyumba tisa.

Alhamisi alfajiri nilianza kuzikusanya. Mlango kwa mlango nikasema, "Nirudishieni risasi, ni mbovu." Hujawahi kuona aibu mpaka uombe zawadi irudi. Wengine walinipa bila neno, mmoja akaniuliza kama na unga wake nitamrudishia. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio changu kilinifichua kwenye nyumba nane kabla ya saa nne asubuhi. Ya tisa ilikuwa imefungwa. Luki na mkewe Sabina walikuwa wameondoka tangu Jumamosi kwenda kwenye kibanda chao cha mtoni, kusini, kwa kufuata ufuko huohuo. Bunduki nyingine waliyonayo ni ile ndogo ya kupigia kware.

Vijana wa doria ya dubu walijaza mafuta mashine zao za theluji wamfuate Luki. Saa sita mchana upepo ukaanza. Tangu siku hiyo mpaka leo sijaliona duka lililo ng'ambo ya barabara. Hakuna mashine iliyotoka wala ndege iliyotua. Redio ya kuzungumza na watu wa kambini ilikuwa inatoa mlio wa kukaanga mafuta tu. Nilikaa nayo mezani, nikila nayo, nikilala nayo.

Jana Jumapili, saa tisa alasiri, Luki akatokea redioni. Nakuandikia alivyosema neno kwa neno, kwa sababu nayasikia mpaka sasa.

"Dada, mko wazima? Huku ni upepo, na mgeni. Tangu jana anazunguka nyumba. Mkubwa, mwembamba."

"Luki, nisikilize. Zile risasi nilizokupa ni mbovu. Zimemtoa jicho shemeji yako."

Mlio wa kukaanga ukapanda. Nilidhani amekatika.

"Ninazo hizo tu, dada."

"Basi ukifyatua isipolia, usivute bolti. Usiiguse. Iache imelenga mbele, uhesabu mpaka sitini ndipo uifungue."

Akacheka kile kicheko chake cha puani unachokijua.

"Na yeye nimwambie ahesabu?"

Nikamsikia Sabina nyuma yake anasema kitu, kwa sauti ya chini, kisha mlio wa kukaanga ukarudi.

Sijui kama nilifanya vyema kumwambia. Nimewaza tangu jana. Nisingemwambia, angevuta bolti kama Angalik. Nimemwambia, na sasa atasimama mlangoni akinitii mimi, dada yake, huku mnyama anakuja. Namwogopea, Baba.

Asubuhi hii upepo umeanza kulegea. Vijana wa doria wamekaa barazani kwangu na mavazi yote, wanakunywa chai bila kuvua kofia. Rubani aliyekwama hapa tangu Alhamisi naye kasema akiona mwisho wa uwanja ataruka. Kwa hiyo ndege itakayobeba barua hii na mashine zitakazomfuata Luki zitaondoka wakati mmoja, na safari ya kibandani ni ya saa nne. Utakapokuwa unasoma hapa, sisi tutakuwa tumeshajua. Ni wewe tu utakuwa hujui, na Angalik.

Nisikilize, basi, kama nilivyomsikiliza baba siku zote. Risasi ulinunua wewe kwa mapenzi. Madoa niliyaona mimi, nikayang'arisha, nikazigawa kwa mkono wangu. Ukitaka kujilaumu, lazima usubiri foleni, niko mbele yako. Haya nimemwambia Atuat leo asubuhi na atamwambia yeyote atakayeuliza.

Ninachokuomba ni kimoja. Mume wangu yuko hospitali siku ya tano, umbali wa basi moja kutoka kwako, wodini hana anayezungumza naye lugha yetu. Nenda leo. Keti upande wake wa kushoto, ndiko anakoona. Mlishe kulungu uliyeletewa, mkatie vipande vidogo, mkono wake mmoja haufanyi kazi. Atakuuliza habari za Luki, kwa sababu ni rafiki yake kabla hajawa shemeji yake, na hajui kwamba naye anazo risasi zile. Mwambie Luki yuko mtoni na mkewe na upepo ni mkali. Hapo hutakuwa umesema uongo.

Atuat anakusalimu, anasema ukate nywele. Wajukuu wanakusalimu wote watatu, mdogo amechora ndege nyuma ya karatasi hii. Msalimie dada yako na mtoto wake, na yule bibi wa mkoa wetu wa Kivalliq anayewapikia wagonjwa wetu huko, mwambie sijasahau blanketi lake.

Mungu akulinde mjini humo, akutie nguvu ya kupanda basi. Na Luki ampe sekunde sitini.

Ni mimi binti yako niliyekuzidi umri, nikupendaye kwa moyo wote,

Nipisha