Wimbo wa Baba Uliopotea Katika Nyuzi Nane

Vaasankatu 14 B 22,
Helsinki.
28 Septemba 2014

Mpendwa Shangazi Inkeri,

Shikamoo Shangazi. Magoti yanaendeleaje? Mume wangu Veikko aliniambia sasa unatembea kwa mkongojo na kwamba unautumia zaidi kumtisha mbwa wa jirani. Mjomba Taisto naye, bado anagombana na daktari wake kuhusu chumvi? Sisi huku ni wazima, kwa maana ya kwamba tunakula na kulala. Miti imeshageuka manjano, na jana asubuhi nilikwangua barafu ya kwanza kwenye kioo cha gari.

Kaka yako yupo palepale tulipomwacha na kiharusi cha Mei. Mkono wa kulia haujarudi, wala maneno. Anasikia na kuelewa kila kitu, anaitikia kwa kichwa na kukataa kwa kichwa. Wauguzi wanampenda. Viazi vya kuponda vya wodini anavila akiwa amenuna, kwa hiyo najua bado ni yeye.

Sasa nikwambie lililonifanya nichukue karatasi. Shangazi, nimempotezea baba wimbo wake.

Ni ule aliokuwa anamtungia marehemu mama, uimbwe na kwaya ya kanisa Siku ya Watakatifu Wote, tunapokwenda kuwasha mishumaa makaburini. Maneno yake yote yametoka kwenye daftari la mama la kuchumia matunda: tarehe, jina la kinamasi, ndoo ngapi, mbu walikuwaje. Umemchukua miaka miwili. Najua, na daktari anajua, kwamba hatatunga mwingine.

Unajua anavyotunga. Ulikuwa ukimtania kwamba wenzake wana piano, yeye ana mabano. Haandiki noti. Anaandika sheria kwa Lisp, ile lugha ya kompyuta iliyojaa mabano toka kichwani hadi mkiani: sauti hii isiruke juu mno, hizi mbili zisigongane, hapa pawe kimya. Kisha mashine inajaribu namba za bahati nasibu mpaka ipate wimbo unaotii. Namba zenyewe si za bahati kweli. Ukiipa mashine namba ileile ya kuanzia, itazitoa zilezile kwa mfuatano uleule, leo na miaka kumi ijayo. Kwa hiyo baba, kama wenzake wengi wa rika lake, hakuwahi kuhifadhi noti. Alihifadhi sheria na namba ya kuanzia, basi. "Noti ni uji," ndivyo alivyozoea kusema. "Una unga, una moto, uji utautunza wa nini?"

Halafu nikaja mimi na usomi wangu. Kompyuta yake mpya ina bongo nane, na programu yake ilikuwa inatumia moja tu. Roho iliniuma kuona bongo saba zimekaa bure.

"Baba, wimbo mmoja unausubiri kutwa nzima! Nikufanyie uwe wa dakika kumi?"

"Kwani mimi nina haraka ya kwenda wapi?"

"Unazeeka, mzee wangu."

"Ndiyo maana sitaki kukimbizwa."

Nikafanya tu, ikawa zawadi yake ya kutimiza miaka sabini na saba. Nilichukua maktaba ya nyuzi, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wenzetu, unaoiwezesha Lisp kuigawa kazi moja kwenye nyuzi kadhaa zinazokwenda sambamba. Wimbo mmoja nikaupa nyuzi nane. Fikiria wapishi wanane wanachota viungo kwenye kopo moja. Kopo linatoa kwa mfuatano uleule kila siku, lakini anayewahi ndiye anayechota, na kila siku anawahi mwingine. Chakula kinaiva, sheria zote zinatiiwa, ila hakiwi kile cha jana. Nilitakiwa kumpa kila mpishi kopo lake. Ni mistari minne ya msimbo. Wanafunzi wangu nawafelisha kwa kosa hilihili.

Nilipima kasi. Nilipima kama sheria zimetiiwa. Kuiendesha mara mbili kwa namba moja nikalinganisha, sikufanya hata siku moja.

Yeye aligundua. Vuli iliyopita umeme ulikatika, akaiwasha mashine upya, akanipigia.

"Outi, hii kitu leo imeniimbia tofauti."

"Umegusa sheria fulani ukasahau, baba."

"Sijagusa kitu."

"Mashine haisahau, baba. Watu ndio wanaosahau."

Kisha akasema, "Basi itakuwa mimi."

Shangazi, Julai nilikuta kwenye droo yake barua ya miadi ya daktari wa kumbukumbu. Alikwenda peke yake, kwa basi, kupimwa kama akili zinamtoka, wala hakutuambia. Akili zake zilikuwa nzima. Mwenye hitilafu alikuwa mimi, tena kwa kiburi.

Baada ya simu ile alianza upya, akatunga majira yote ya baridi mpaka akaupata alioutaka, na mashine hakuizima tena. Aliibandika kikaratasi: USIZIME. Wimbo ulikuwa hai mle kwenye kumbukumbu ya mashine, na mle tu. Hakuurekodi, alisema wimbo wa kwaya unasubiri makoo ya watu.

Nilizima mimi. Juni nilikwenda kwake, nikakisoma kikaratasi, nikatabasamu kama mtu anavyotabasamia mambo ya wazee, nikachomoa waya. Nilitaka kumpelekea mashine hospitalini ausikie wimbo wake. Niliibeba kwenye ngazi nikiwa na furaha, nakuapia. Wodini nikaingiza namba yake ya kuanzia, wimbo ukaanza. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Halafu akayafumbua, akanitazama, akatikisa kichwa kukataa.

Nikaurudia. Ukatoka mwingine. Ndipo nilipoelewa, nikiwa nimekaa pale pembeni ya kitanda, na nikalazimika kumweleza. Kumweleza mtu asiyeweza kukujibu ni adhabu ambayo simwombei adui.

Tangu siku hiyo nimeuendesha mara arobaini na tatu. Kila unaotoka naurekodi na kumpelekea, na kila mmoja alikuwa anaukataa. Njia ambazo wapishi wanane wanaweza kupishana nimejaribu kuzihesabu, maana ndiyo kazi yangu, nikaacha. Majuto ni mjukuu, na mimi huyu mjukuu nimemzaa mwenyewe.

Alhamisi nilimchezea wa arobaini na tatu. Akaitikia! Akaitikia kwa kichwa, taratibu, akanishika mkono kwa mkono wake mzima. Nililia mpaka muuguzi akaja. Hapohapo nikampigia Raili, kiongozi wa kwaya, ambaye wiki tatu sasa ananiuliza kwa upole noti ziko wapi. Akashusha pumzi, akasema, "Mungu si Outi, mshukuru." Huyo ndiye Raili.

Ijumaa nilirudi. Nilitaka tuusikilize tena pamoja, lakini kwa kuchanganyikiwa nikafungua wa kumi na mbili, ule alioukataa Julai kwa kukunja uso. Nilitambua ukiwa umeshaanza, nikauacha uendelee. Ulipokwisha baba akaitikia. Vilevile, taratibu, akanipigapiga mkono.

Sikumwambia kitu. Nilimsukumia kiti chake dirishani, tukatazama watu wakishuka kwenye tramu. Raili ameshaanza kuchapa wa arobaini na tatu.

Kuna jambo moja. Veikko anasema kila Jumamosi baada ya sauna baba alikuwa anakupigia simu, anaiweka karibu na spika, na Aprili alikusikilizisha wimbo wote. Kama ni kweli, wewe ndiye mtu pekee mwingine duniani aliyeusikia. Ulianza na sauti ipi? Ulipofika kwenye majina ya vinamasi, sauti zilipanda au zilishuka? Mwisho ulikuwaje? Hata uniimbie vipande viwili, hata kwa sauti mbaya. Siwezi kuujenga wimbo kwa vipande viwili, najua, lakini ningepata cha kulinganishia.

Msalimie sana Mjomba Taisto, na binamu yangu Kaarlo na mkewe, na binti yao Sanni mwambie soksi alizonifumia nimezivaa ninapoandika haya. Veikko anawasalimu. Baba nilipomwambia nakuandikia aliinua nyusi, na mimi nazihesabu hizo kuwa salamu. Mungu awape joto huko Thunder Bay kabla theluji haijawafikia.

Nakuomba kimoja, Shangazi. Kama huukumbuki, niandikie kwamba huukumbuki. Usiniitikie kwa huruma. Mmoja ananitosha.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye,
Outi