Nilisoma Jalada Tu

Bariadi, Jumapili asubuhi

Kwa dada yangu Somoe,

Nakusalimu dada, wewe na wote wanaolala chini ya paa lako. Goti linaendeleaje? Saidi, fundi wangu, alipopiga kwao aliambiwa umeanza kwenda kisimani bila fimbo. Nilifurahi, ila nakujua unavyopenda kujikaza mbele za watu, kwa hiyo niambie ukweli. Na mikorosho je, imeanza kutoa maua? Huku habari ni pamba na ng'ombe. Nikitaja korosho wananiuliza kama tunazichimba chini kama karanga.

Mimi mzima. Mgongo unauma nikilala na nikiamka, hapo katikati nausahau. Saruji imenila ncha za vidole, ndiyo maana mwandiko wangu umekuwa kama wa mtoto wa chekechea. Usiucheke. Unajua niliishia darasa la tano, na tangu hapo kalamu nimeishika mara chache kuliko koleo.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu yako ikiita mnaiweka sauti ya juu, baraza zima linasikia, na haya si maneno ya baraza. Saidi anakuja likizo, nitampa barua hii mkononi. Yanamhusu binti yangu Zaituni.

Tangu sikukuu ya Idi, mwanangu hajasema nami. Nikipiga unaniambia amelala, mara anaoga, mara amekwenda kusaga. Dada, hakuna nyumba inayosaga unga kila siku. Najua hataki, na najua unamsitiri. Sikulaumu.

Siku ile ulikuwepo, lakini acha niiseme mwenyewe, maana sijawahi kuisema. Narudi nyumbani mara moja kwa mwaka, namkuta binti wa miaka kumi na sita amechuchumaa nyuma ya jiko na kitabu, wali unaungua. Nikaona picha ya juu, msichana na mvulana chini ya mwavuli mmoja. Nikasema moyoni, ndiyo hayo, mapenzi yameingia nyumbani kwa dada yangu. Nikakitia motoni. Wewe uliondoa sufuria tu. Yeye hakulia. Alisema, "Baba, nilikuwa nakirudia mara ya pili," akaingia ndani. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kutoka kwake.

Sasa nikueleze ya huku. Tunajenga madarasa mawili katika sekondari moja nje kidogo ya mji. Saidi anapiga lipu, mimi nachanganya zege na kubeba. Ardhi ya hapa ni udongo mweusi. Mvua ikinyesha unashika kiatu mpaka mguu unakuwa wa tembo, na jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingia mkono. Watu wake ni wapole. Asubuhi wanasema "Mwangaluka," na mimi nimejifunza kujibu, ingawa mama anayetupikia anasema nakijibu Kisukuma chao kama mtu mwenye ugali mdomoni. Huyo mama hutuletea matobolwa, viazi vitamu wanavyochemsha na kuanika mpaka viwe vigumu kama ngozi. Unatafuna kimoja kuanzia saa nne mpaka saa sita. Wanafunzi wananiita Baba Korosho.

Hao wanafunzi wana klabu ya kusoma hadithi. Kila Ijumaa mchana wakishafagia hukaa uwanjani, karibu na kuta zetu, kubishana juu ya kitabu walichosoma. Ila hawabishani kama tulivyozoea sisi, huyu anasema yule anajibu. Huku kwao kuna desturi ya ngoma za ushindani. Vikundi viwili vinacheza wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na watazamaji wanahama. Kundi lililovuta watu wengi ndilo limeshinda. Basi watoto wamefanya vivyo hivyo na vitabu. Mmoja anasimama huku, mwingine kule, wanasema kwa zamu, na wasikilizaji wanatembea kwenda kwa yule aliyewagusa. Mkono haunyooshwi. Wanapiga kura kwa miguu.

Ijumaa ya wiki tatu zilizopita jua lilikuwa kali, nami nikaenda kuchuchumaa pembeni kwenye kivuli cha ukuta, nina chupa yangu ya maji. Sikujua kwamba kivuli kile kilikuwa upande wa msichana mmoja wa kidato cha tatu, anaitwa Kabula. Upande wa pili alikuwepo Masanja, mvulana mrefu mwenye maneno mengi. Walianza kuhesabu watu.

Kabula akahesabu, "Kumi na tisa, ishirini, na Baba Korosho ishirini na moja."

Masanja akakataa. "Huyo si mwanafunzi."

"Ana miguu. Amesimama wapi?"

"Amechuchumaa."

"Amechuchumaa kwangu," akasema Kabula, wenzake wakacheka. Kisha akanigeukia. "Baba, aliyesimama huku lazima awe na sababu. Tupe yako."

Nikasema mimi nimefuata kivuli. Wakacheka zaidi. Mwalimu wao wa Kiswahili, mama mmoja mtaratibu sana, akawaambia waniache. Lakini Kabula alikuwa ameinua kitabu kuwaonyesha wenzake, na mimi nikaona lile jalada. Msichana na mvulana. Mwavuli mmoja.

Dada, niliweka chupa chini.

Nikauliza, "Hao wawili ni wachumba?"

"Wachumba?" Masanja akashika kiuno. "Mzee, hao ni tumbo moja. Kaka na dada."

Wakanisimulia. Baba yao alikwenda migodini, akaacha kuleta habari. Mama akaugua. Watoto wakatoka kwenda kumtafuta, mvua ikiwanyeshea, mwavuli mmoja. Kaka akapata homa njiani, msichana akaendelea peke yake, akamkuta baba yake sokoni anapima mkaa. Alisimama mbali, akamtazama, kisha akageuka akarudi bila kumwita. Hapo ndipo wanafunzi walipogawanyika. Masanja alisema alikosea, angemwita baba yake. Kabula alisema alifanya vema kunyamaza. Na mimi nilikuwa nimehesabiwa upande wa kunyamaza.

Sikupanga kusema. Nilisema, "Labda msichana alijua angemwita, yule baba angefoka. Mwanamume mwenye aibu hufoka kwanza."

"Umejuaje?" Masanja akauliza.

"Nina binti. Kitabu hiki alikuwa nacho. Nilikichoma."

Kabula akaniuliza polepole, "Hiki hiki?"

"Hiki hiki."

"Ulikuwa umefika ukurasa wa ngapi?"

"Sikufika wa kwanza. Nilisoma jalada."

Watoto saba wakainuka upande wetu wakahamia kwa Masanja, hata kunitazama hawakunitazama. Kabula akashindwa siku ile. Baadaye alikuja kwenye rundo la mchanga, uso umemvimba kwa hasira. "Umeniangusha, Baba Korosho. Nilikuwa nashinda." Nikamwomba radhi. Akanitolea kile kitabu. "Basi kisome, usije ukaniangusha tena. Na usikigeuze kuni."

Nimekisoma, dada. Mchana wenzangu wakilala juu ya mifuko ya saruji, mimi nasoma, kidole chini ya mstari. Siku nyingine kurasa mbili, siku nyingine nusu. Saidi alikuwa ananitania, "Mzee, umefika darasa la sita sasa?" lakini baadaye akawa anauliza, "Eh, yule mtoto homa imepungua?" Nilimaliza Jumatano iliyopita.

Maoni yangu, maana huku kila aliyesoma lazima atoe. Mwandishi anapenda mno kueleza mawingu. Pia hajawahi kubeba gunia, maana anamfanya mtu apande kilima na mkaa mgongoni huku anaimba. Lakini lile soko amelijua. Na kuna mstari mmoja ambao wale watoto wote waliupita. Msichana akiwa amesimama mbali, mteja anamwambia baba yake, "Mzee, hilo debe umelipima mara mbili."

Nilirudia mstari huo mara nne. Mtu anayepima mkaa kila siku hakosei debe. Mikono inahesabu yenyewe. Mimi nachanganya mchanga, kokoto na saruji, naweza kuzungumza, naweza kusinzia, hesabu ya ndoo haipotei. Siku ikipotea, ujue macho yamekwenda kwingine. Yule baba alimwona mwanawe. Alimwona, akamtambua, akainama kwenye mkaa.

Niliwaambia Ijumaa hii. Kabula akafungua ukurasa, akasoma kimya, akampa Masanja. Masanja akasoma, akakuna kichwa. "Hili hatukuliona," akasema. Mwalimu naye akaomba kitabu.

"Kwa hiyo wote wawili walionana," Kabula akasema, "na wote wawili wakanyamaza."

"Sasa nani alipaswa kuanza?" Masanja akauliza, na safari hii hakuwa anabisha, alikuwa anauliza kweli.

Nikamwambia, mkubwa. Wakati naisema nilikuwa nimeshaamua kuandika barua hii.

Basi mwite Zaituni umsomee hapa. Zaituni, ni baba. Nilikosa. Sikukosa kwa sababu kitabu kiligeuka kuwa kizuri. Hata kingekuwa cha mapenzi ningekuwa nimekosa, kwa sababu kilikuwa mkononi mwako na sikukuuliza. Niliona aibu siku ile ile, uliposema ulikuwa unakirudia, nikaifunika aibu kwa ukali. Sikudai unisamehe. Nimeanza mimi, basi.

Dada, nisalimie shemeji, mwambie baiskeli asiitengeneze mwenyewe tena. Msalimie shangazi yetu mkubwa, mshikie mkono tu kama masikio hayasikii, atajua ni mimi. Wajukuu zako wote, hata yule aliyevunja mtungi wangu. Na jirani yetu muuza samaki, asiache kukuletea wale wadogo unaowapenda.

Bado moja. Ijumaa tulipomaliza, Kabula aliniambia, "Baba Korosho, binti yako amekisoma kuliko sisi. Yeye anasemaje, baba yule alimwona au hakumwona? Na msichana alijua kama ameonwa?" Ningeweza kumwambia Zaituni ana urefu gani, anakula nini, anaogopa nini. Anachofikiri sikukijua.

Klabu inaomba aandike. Ukurasa mmoja unatosha, na Saidi atakuja nao akirudi. Utasomwa uwanjani, na watu watahama kwa maneno yake kama angekuwepo. Kama bado hataki kusema na mimi, asiniandikie mimi. Aandike, "Kwa Kabula na wenzake." Jina langu asilitaje, salamu asiniletee. Mimi siku hiyo nitaweka koleo chini nisikilize. Ana miaka kumi na sita, dada, na itakuwa mara yangu ya kwanza kusikia mwanangu anafikiri nini.

Ndimi mdogo wako uliyenibeba mgongoni,
Hamisi