Ada ya Alhamisi

Makete

Mamaangu kipenzi,

Shikamoo mama. Miguu imepungua kuvimba? Maua kaniambia ulikwenda hospitali ya Mchukwi ukapewa dawa, kisha umeziweka kabatini ili zisiishe. Mama jamani! Dawa ni za kumeza. Mimi mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku haina adabu. Maji ya kutawadhia alfajiri yanauma mpaka kwenye mifupa, na wanafunzi wananicheka nikiingia kufundisha fizikia nimejitanda khanga mbili juu ya sweta.

Nimeandika barua kwa sababu simu yako inasikilizwa na baraza zima. Nikisema neno moja, Mjomba ana lake, majirani wana lao, salio linaisha tukiwa bado tunabishana. Barua hii nimeituma kwa basi, ishushwe Kibiti, Maua aipokee na kukuletea Ruaruke. Mdogo wangu akusomee ndani, mlango umefungwa, na asiruke hata mstari.

Nimesikia umezungumza na yule tajiri wa korosho umwekee rehani mikorosho ya marehemu baba, avune yeye msimu huu na ujao, ili mimi nipate nauli na ada ya kusoma nje. Mama, nililia. Usimpe. Nakuomba kwa jina la Mungu, usimpe hata mti mmoja.

Najua kinachokutisha. Nilipokwambia chuo kimenikubali, tena chenyewe ndicho kitakachonilipia ada na nauli na kunipa posho ya kula na kulala, ulisema, "Somoe, anayekulipia kila kitu anakununua." Nikajua unamfikiria Zena, binti wa jirani, aliyelipiwa tiketi kwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, akanyang'anywa pasipoti, akarudi amekonda na mikono mitupu. Una haki ya kuogopa. Hata mimi nilipoisoma ile barua yao mara ya kwanza nilidhani ni matapeli. Nikampigia mwalimu wangu wa zamani wa chuo kikuu, yule aliyenipendekeza kwao, akacheka mpaka akakohoa. Akasema hao ni wa kweli, na fizikia huko ndivyo inavyosomwa.

Wala haikuja kirahisi. Mwaka jana niliomba, wengine wakanikataa, wengine hawakujibu kabisa. Safari hii nikakuta hata kule kuomba tu kunalipiwa, na mshahara wangu unaujua. Nikawaandikia kuwaomba wanisamehe hiyo ada. Hawa ndio walionisamehe. Maelezo ya kwa nini nataka kusoma nimeyaandika na kuyachana sijui mara ngapi, mpaka nilipoandika ukweli: kwamba nilianza kuuliza habari za nyota nikiwa juu ya dungu, tukilinda mpunga na baba, naye akaniambia jibu hana, nikasome.

Nitakachosomea ni nyota zinazong'aa kisha zikafifia, kwa nini zinafanya hivyo. Mwambie Mjomba si ramli! Amewatangazia watu nakwenda kusomea falaki, sasa kuna mzee ananipigia nimtafutie baiskeli yake iliyoibiwa.

Sasa nisikilize. Unakumbuka chuo cha Kurani kwa Maalim? Kila Alhamisi watoto tulikwenda na ada tumeifunga kwenye pindo la nguo. Nilipokwisha hitimu, Maalim akanikabidhi wadogo niwasomeshe alifu, huku yeye akiendelea kunisomesha vitabu vya mbele, na akakwambia usilete ada tena. Hukusema ameninunua. Ulijisifu mpaka kisimani! Basi huko ni vilevile, mama. Nitawasomesha vijana wa mwaka wa kwanza kwenye maabara, nami nitasomeshwa na wakubwa. Ada yangu ni ile kazi. Pasipoti itakaa kwenye mkoba wangu mwenyewe, na nikichoka nitarudi.

Wanataka jibu kabla mwezi haujaisha. Sijajibu. Bila radhi yako sipandi ndege, na kwa bei ya mikorosho inayokulisha sipandi pia. Baba aliipalilia mpaka mwaka aliokufa.

Kama umeridhia, usinipigie tukaanza kubishana. Alhamisi, Maalim akipokea ada za watoto, nenda nawe. Funga chochote kwenye pindo la khanga kama zamani, umwambie, "Somoe namtia chuoni tena," aniombee dua. Maua anitumie neno moja tu, "imefika," nami nitawajibu hapohapo. Usipokwenda nitaelewa. Nitabaki huku na sweta langu, na sitakununia.

Mjomba shikamoo zake, hata kama ana maneno mengi. Shangazi wa Nyamisati mwambie huku samaki namwota tu. Na Zena, mama, nenda kwao umshike mkono. Mwambie sijamsahau, na kwamba nimeisoma mikataba yote mara mbili kwa ajili yake.

Ni mimi mwanao, uliyenishika mkono siku ya kwanza ukanipeleka kwa Maalim huku nalia sitaki,

Somoe