Maji ya Mkesha

Baba Beda na watoto,

Chai iko kwenye chupa, mihogo nimeifunika. Lightness, nyama uichemshe tu, usiiunge. Nitaiunga mwenyewe.

Nimerudi kanisani, kwa miguu. Baba Beda, lile dumu dogo la njano pale mlangoni lilikuwa na maji ya baraka! Niliyabeba jana kutoka Mkesha wa Pasaka nimpelekee mama yangu kule Rudewa. Hawezi tena kutembea, na kila mwaka anayasubiri anyunyiziwe yeye na nyumba yake. Naamka asubuhi, nakuta umeoshea pikipiki. Na bomba liko hapo uani! Halafu unaniuliza, “Kwani maji si maji?” Ungekuja Mkesha ungejua. Ulisema umechoka.

Naenda kumwomba padri mengine. Akiuliza ya jana yako wapi, nitamwambia yako kwenye tairi.

~~Msinisubiri kula.~~ Nisubirini, na mtu asiguse sufuria.

Misa ya pili ni saa nne. Panda hiyo pikipiki uje. Yenyewe imeshabarikiwa, umebaki wewe.

Mama Beda