Vipande vya Nguru na Bi Somoe

Helena, salamu baadaye. Nimeaibika hapa Mahurunga.

Tangu tuhitimu nimekaa hapa miezi mitatu. Asubuhi nawafundisha watoto maana ya ujamaa, mchana nala peke yangu. Leo nikasema basi. Nikakata nguru vipande vidogo vya kutia mdomoni mara moja, nikavipaka pilipili, ndimu na kitunguu saumu, nikavikaanga kama tulivyokuwa tukifanya chuoni. Nikampelekea jirani yangu, Bi Somoe.

Akatabasamu tu. Nikadhani anaona haya. Helena, nikachukua kipande nikamsogezea mdomoni! Mdomoni!

"Mwalimu, nimefunga."

"Lakini Idi si imepita, Bi Somoe?"

"Imepita, mwanangu. Hii ni sita."

Zile siku sita za kufunga baada ya Idi! Mimi ningejuaje? Binti zake wakacheka mpaka wakaegemea ukuta. "Mwalimu anamfuturisha mama saa saba mchana!" Nikageuka na sahani yangu, machozi yananilenga.

Mdomoni, Helena.

Sijafika mbali akaniita: "Mbona unaondoka na chakula changu? Kifunike. Magharibi ukilete, mimi nitasonga ugali wa muhogo. Na wewe usile kabla yangu."

Sasa ni saa tisa. Njaa inauma, harufu ya pilipili imejaa chumbani, na sijagusa hata kimoja. Tangu nifike hapa, leo ndiyo mara ya kwanza mtu kunikataza kula peke yangu.