Pango Lake na Kodi Yangu

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Nianze na mgongo wako, maana ndio ninaolala nao na kuamka nao. Bado unakukatalia kuinama? Ile dawa ya kuchua inasaidia, au inanuka tu? Shemeji hajambo? Na yule mwanao wa kwanza, ameshaacha kurefuka, au suruali bado zinamkimbia? Sisi huku ni wazima wa mwili. Wanao wa huku wanakuamkia, na mdogo anasisitiza niandike kwamba ameng'oka jino, kwa hiyo nimeandika. Mama simuulizii kwa mstari mmoja. Nitamfikia.

Kabla hujaendelea nakuomba ukae, na uegemee kitu. Mimi haya yalinikuta nimesimama juu ya kiti, nusura nivunjike shingo.

Barua yako ya mwezi uliopita ninayo hapa mbele yangu. Ulinieleza kwamba daktari ameamua kukupasua mgongo mwanzoni mwa mwezi huu unaokuja, kwamba utalala miezi mitatu bila kunyanyua hata sufuria, na kwamba Mama hawezi kubaki kwako bila mtu wa kumwinua na kumwogesha. Ukaniomba nimchukue. Ukasema nisipoweza, itabidi akakae kwa yule mama anayepokea wazee kwa malipo, watu sita chumba kimoja. Nami nikakujibu kwa mistari minne: natamani sana, lakini vyumba vyetu ni viwili, tuko ghorofa ya pili, na gharama za nyumba zinatumaliza. Hukunijibu tena. Nakijua kimya chako, dada, nimekua nacho chumba kimoja.

Sasa sikiliza. Jumatano iliyopita niliitwa kupima madirisha ghorofa ya tatu, kwa mpangaji mpya, muuguzi wa wodi ya watoto. Nyumba yake iko juu ya yangu moja kwa moja, hata bomba la jikoni linalia sauti ileile. Nilipanda kitini na futi yangu ya chuma kwa heshima ya kazi tu, maana vipimo vyote ninavyo kichwani. Yeye alikuwa chini, ananishikia ncha ya futi na kulalamika kuwa nyumba hii ni ghali. Akataja anacholipa. Nikamwambia arudie, akarudia. Ilikuwa nusu kamili ya kinachotoka nyumbani kwetu kila mwezi.

Nikamwambia sawa, hilo ni pango, na kodi je? Akacheka akidhani namtania.

"Mama Pazia," akasema, "kwani pango ni nini na kodi ni nini?"

Futi ilinichomoka, ikajikunja yenyewe na kunichapa vidole, wala sikusikia maumivu. Nilishuka kitini nikakaa juu ya vitambaa vyangu vya sampuli. Yule muuguzi akanishika kipaji cha uso kuangalia kama nina homa.

Utajiuliza mtu mzima na akili zake anafanyaje kosa kama hili, basi ngoja nikueleze. Tulipohamia hapa miaka minne iliyopita, shemeji yako alikwenda peke yake kuonana na mwenye nyumba, akaambiwa pango alipeleke benki kabla ya tarehe tano. Mimi siku hiyo nilikuwa huku napokea funguo kwa msimamizi wa jengo, yule mzee wa kofia ya sufi, naye akaniambia kodi ya nyumba nimpe yeye mkononi kila tarehe mosi. Nyumbani kwetu mambo ya benki ni ya shemeji yako, na chochote kinachobisha hodi mlangoni ni changu: mtu wa taka, mtu wa maji, mlinzi. Kwa hiyo mzee alipobisha na kodi yake, nilijua hiyo ni kodi ya serikali. Nikalipa. Nilikuwa nakunja uso na kuisema serikali, nikimwambia yule mzee kwamba kodi ikilingana na pango, wananchi tumekwisha. Naye alikuwa anatikisa kichwa kwa huruma tu, kumbe haelewi hata neno moja ninalosema. Miaka minne nimeitukana serikali kwa dhambi ambayo haikuitenda.

Na shemeji yako? Mimi nilikuwa namwambia kila mwezi kwamba kodi nimelipa. Yeye akidhani nasema kodi ya kile chumba cha kushonea ninachopanga mtaa wa pili. Na yeye akiniambia pango amelipa. Tulikuwa tunapongezana, dada. Tunakaa mezani, tunapongezana kwa kulipa kitu kimoja mara mbili, kisha tunazima taa ya sebuleni ili kubana matumizi.

Lakini siku ile ya Jumatano hayo yote sikuwa nimeyaunganisha. Kichwani mwangu kulikuwa na neno moja tu: mwizi. Niliteremka ngazi mbilimbili nikamkuta yule mzee anadeki mlangoni, nikampa vidonge vyake mbele ya watu. Nilimwita mnyonyaji, mla jasho la wanawake, mtu aliyebuni kodi yake mwenyewe. Wapangaji wakatoka kwenye vibaraza kuangalia. Mzee alivua kofia, akaenda chumbani kwake, akarudi na kitabu cha stakabadhi kilichoandikwa vizuri, kila mwezi, "Mama Pazia, kodi, imepokelewa", na pembeni sahihi ya mwenye nyumba kwamba amekabidhiwa. Haukukosekana hata mwezi mmoja. Nilitamani ardhi ipasuke.

Shemeji yako aliporudi gereji nilimweleza. Alikuwa ananawa mikono yenye grisi, akaacha maji yanatiririka mpaka yakajaa beseni na kumwagika, na wala hakufunga. Kisha akauliza swali moja tu, eti miaka yote hiyo alipokuwa anaambiwa kodi, ilikuwa kodi ya wapi. Nilipomjibu alikaa sakafuni palepale kwenye maji.

Ijumaa tulikwenda kwa mwenye nyumba, sisi wawili na yule mzee wa kofia, ambaye nilikuwa nimeshamwomba radhi mara tatu na bado namwona haya. Mwenye nyumba ni mwalimu mkuu mstaafu, mama mmoja anayekupokea kama umechelewa kipindi. Nilikwenda nimejiandaa kwa vita. Alifungua daftari lake, akafuata mistari kwa rula, na alipofika chini akaanza kuhesabu upya. Jengo lina nyumba nane. Daftari lake lina wapangaji tisa. Mwalimu anamjua shemeji yako, fundi rejeta za magari wa ghorofa ya pili, analipa benki. Na Mama Pazia anamjua pia, kwa jina, anayelipa kwa msimamizi.

"Nilidhani Mama Pazia ndiye aliyepanga stoo ya chini," akasema. "Nikajua anaweka vitambaa, na bei amekubaliana na msimamizi."

Mzee wa kofia akasema taratibu kwamba stoo ya chini haijawahi kuwa na mtu. Ina makopo ya rangi na toroli bovu.

Hapakuwa na mwizi, dada, na hilo ndilo lililonishtua kuliko yote, maana hasira yangu ilikosa pa kukaa. Mwalimu alikiri kuwa alikuwa ananitolea mfano kwa wapangaji wengine, kwamba waige kwa mpangaji wa stoo, hana mlango wa maana lakini hajawahi kuchelewa. Alilia kidogo, akafuta miwani. Akasema fedha zenyewe hana tena, zimekwenda kwenye mabati mapya ya paa, lakini kutuibia hawezi. Nyumba ya chini kabisa inaachwa wazi mwisho wa mwezi huu. Ina vyumba vitatu, haina ngazi hata moja, na bafu lake ni pana kiasi cha kuingiza kiti cha magurudumu. Akatukabidhi ufunguo wa akiba palepale. Tukae humo miaka minne, asitudai kitu.

Shemeji yako aliruka kama mtoto. Neno la kwanza kumtoka halikuwa la fedha. Alinigeukia macho yamemjaa machozi akasema Mama amepata chumba.

Na mimi, dada, niliogopa. Nakuandikia kweli tupu. Nikasema tusikimbilie mambo, labda chini kuna unyevu, labda kuna panya. Mwalimu akaniangalia kwa mshangao. Shemeji yako akaniangalia zaidi.

Haikuwa kodi. Hilo ndilo nililokaa kukuandikia, mengine yote nimekuwa nazunguka. Kodi ilinifaa tu. Ungenipa jumba la bure ningetafuta sababu nyingine.

Unakumbuka nilipokuja mwezi wa nne, ukatoka kwenda sokoni ukaniacha na Mama, na uliporudi nilikuwa nimeondoka? Nilikuachia ujumbe kwamba mteja amenipigia simu. Hakuna mteja aliyenipigia. Nilikuwa namlisha Mama supu. Alikuwa anakula vizuri, mtulivu, nimemfunga kitambaa kifuani. Akanishika mkono akanishukuru. Akaniuliza kama hapo kwako mnanilipa vizuri.

"Mimi nina binti fundi mapazia," akaniambia. "Akija nitamwambia akushonee nguo, una roho nzuri wewe."

Nikacheka, nikamwambia Mama, ni mimi. Akanitazama usoni kwa makini, kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni. Akasema hapana, binti yake ni mnene kidogo na anapenda kucheka. Kisha akauliza wewe umekwenda wapi. Wewe anakujua. Jina lako halimtoki mdomoni.

Nilimfuta mdomo, nikaweka bakuli chini, nikachukua mkoba. Njia nzima niliapa kwamba sitakaa tena mbele ya macho yale. Nilikuonea wivu, dada, wewe unayemnyanyua mpaka mgongo umekatika, nilikuonea wivu kwa sababu unaitwa jina. Na barua yako ilipokuja nikakujibu kodi. Nilikuwa tayari Mama alale na watu watano asiowajua ili mimi nisiwe mtu asiyemjua.

Jana mchana nilimwambia shemeji yako haya yote, tukiwa tumekaa ndani ya ile nyumba ya chini ambayo wapangaji wake wamehama mapema kuliko walivyosema. Hakunigombeza, ingawa ningependa anigombeze. Alisema tu nikuandikie leo, nisingoje Jumatatu. Chumba cha Mama ni kile cha upande wa jua la asubuhi. Nimeshapima dirisha.

Nakuja Jumamosi kumchukua. Fundi mwenzake shemeji yako ametuazima gari lenye kiti cha kulala. Usifungashe chochote, nitafungasha mwenyewe, wewe kaa uniambie nguo zipi anazipenda na anageuzwa vipi usiku, maana mimi hayo siyajui na ni aibu yangu. Ukitaka kunisema, niseme. Ninakuja nikiwa tayari kusemwa. Ila nakuomba jambo moja tu. Nitakapoingia mlangoni, Mama akikuuliza huyu ni nani, usimjibu. Niache nijitambulishe kwake mwenyewe, siku hiyo na kila siku atakayouliza.

Msalimu shemeji, wabusu watoto, na Mama mfikishie shikamoo yangu hata kama atauliza imetoka kwa nani.

Mdogo wako,
fundi mapazia