Pamba Mbichi Kwenye Sanduku la Sigara

Bariadi, Jumanne, mwezi wa tisa

Zimekauka tena. Leo nimebonyeza moja ya zile sigara nene alizoniachia meneja wa kiwanda cha pamba, jani lake likapasuka kama ganda la karanga. Na juzi tu niliweka humo sandukuni pamba yenye maji ili zisikauke. Kiangazi hiki kinanyonya kila kitu.

Mwezi uliopita nilizidisha maji, mbili zikaota ukungu. Nikipunguza zinapasuka, nikiongeza zinaoza. Sijui sanduku hili linataka nini.

Meneja alisema nizitunze, tutazivuta pamoja siku mashine za kuchambua pamba zitakapowashwa tena. Tangu biashara huria ije na ushirika ufilisike, kiwanda kimefungwa. Yeye mwenyewe yuko Mwanza, anauza saruji.

Jioni mke wangu alinikuta nachovya pamba kwenye bakuli.

"Baba Kulwa, si wewe uliyekuwa unawarudisha watu nyumbani na pamba yao mbichi? Leo unailowesha mwenyewe?"

Nilitaka kucheka, lakini...

Ni kweli, nilikuwa mkali pale kwenye mizani ya ushirika, nikipanga pamba ya wakulima kwa madaraja. Siku hizi wanunuzi wanazoa yote, safi na chafu, kavu na mbichi, gunia moja. Mtu wa kupanga madaraja wa nini?

"Basi zivute ziishe," akasema.

Nimeikamua pamba, nimeirudisha sandukuni, nimefunga kifuniko.

Mimi hata sigara sivuti.